Tulivyohamisha vitu vya darini kwenda stoo ya bati, na maharage ya mama yakaishia hapo

Wakuu, wale wachache mnaonizidi umri shikamooni. Wengine wote marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Nawaita wakuu kwa sababu nimeona ndiyo desturi ya humu ndani, lakini wengi wenu ningewatuma dukani na mngeenda. Nimezaliwa Mwingereza akiwa bado anatawala, kijiji cha Suji, milima ya Upare, wilaya ya Same. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa ya herufi mnivumilie.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Nilipokuwepo nitasema nilikuwepo, na nilichosimuliwa nitasema nilisimuliwa.

Kilichonileta ni ule uzi wa dada mmoja aliyeuliza namna ya kutunza vitu vya msimu: mablanketi ya baridi, miavuli, vyombo vya sikukuu. Mmemshauri vizuri. Makontena ya plastiki, mifuko ya kutoa hewa, stika kwa nje. Mimi mwenyewe ninayo makontena hayo, mkwe wangu kaninunulia, na nimemshukuru.

Lakini hakuna aliyemuuliza yule dada vitu vyake vilikuwa vinakaa wapi kabla, na huko kwa zamani vilikuwa vinatunzwa na nini.

Nyumbani kwetu swali hilo halikuulizwa. Inaniuma mpaka leo, na mimi ni mtu mzima kuliko mama yangu alivyowahi kuwa.

Ngoja nianze mwanzo.

Sisi watu wa mlimani tulikuwa na maisha ya sehemu mbili. Nyumba juu, kwenye migomba na kahawa, na shamba lingine chini tambarare, upande wa Makanya. Vuli ikikaribia tunashuka kulima na kukaa kwenye kibanda, kufukuza ndege na nyani. Tukivuna tunapanda tena.

Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na vitu vya kushuka na vitu vya kupanda. Vya kushuka ni mikeka, vibuyu vya maji, kaniki za shambani. Vya kupanda ni mablanketi, maana baridi ya Suji mwezi wa saba si ya kuisimulia, na vikapu vya kuchumia kahawa.

Vyote hivyo mama alivitunza darini.

Msifikirie dari la gypsum. Nyumba ilikuwa ya nyasi, moto unawaka katikati, na juu ya moto kulikuwa na dari la fito. Unapanda kwa kigogo kilichochongwa vidato. Kule juu kulikuwa na giza na masizi, lakini mama alikuwa na mpango wake. Kitu kilichomaliza msimu kinakwenda nyuma kabisa. Kinachofuata kinasogezwa karibu na kigogo. Alikuwa anapapasa tu anatoka nacho. Sisi watoto hatukuruhusiwa kupanda, na kusema kweli hakuna aliyetamani, ukishuka unafanana na chungu.

Sehemu ile iliyo juu ya moto kabisa, moshi unapopita, haikuwa ya mikeka wala vikapu. Ilikuwa ya mbegu.

Na hapo ndipo palipokuwa na maharage yake.

Yalikuwa madogo, rangi ya udongo wa kichuguu, na kamstari keupe kanazunguka jicho. Hayakuwa na jina la maana, watu waliyaita tu maharage ya Mama Nakijwa, kwa jina la dada yangu mkubwa. Mama aliyapata kwa mama yake, naye kwa wa kwake. Sifa yake moja: yalikuwa yanawahi. Mvua ikikata mapema, maharage ya watu yanakauka na maua, yale ya mama yameshabeba.

Aliyachanganya na majivu, akayatia kwenye vibuyu, akaziba mdomo kwa gunzi na kupaka samadi ya ng'ombe. Kisha juu, kwenye moshi.

Mama alikuwa mtoaji. Mtu akiishiwa mbegu anaambiwa nenda kwa Mama Nakijwa. Hakuwahi kumrudisha mtu mikono mitupu, na mniamini, alilijua hilo na lilimpendeza. Alikuwa na namna yake ya kushika kiuno wakati anamtazama mtu akiondoka na mbegu zake. Namsema kwa upendo, lakini namsema.

Sasa Nakijwa akachumbiwa na kijana wa Maore, upande wa pili wa milima, chini ya Gonja. Ukoo wetu ulikuwa na desturi: binti akiolewa, mama yake anampa kibuyu cha mbegu kutoka darini kwake. Anakwenda nacho, msimu wa kwanza anazipanda kwenye shamba la ukweni, na akivuna ndiyo mwanzo wa dari lake mwenyewe. Kibuyu cha Nakijwa mama alikuwa amekitenga siku nyingi. Maore ni tambarare, mvua zake mnazijua. Maharage yanayowahi huko si zawadi ndogo.

Dada yangu hakuwa msemaji, lakini kwenye jambo hilo alikuwa anajisikia. Kuna siku alinifungulia moyo tukiwa mtoni. Alisema, "Ukweni siendi kuomba. Naenda na kitu ambacho hawana."

Mwaka huohuo kahawa ikawa nzuri na baba akajenga nyumba ya bati.

Wakuu, ninyi mnaziona bati kila mahali. Wakati ule bati zilinunuliwa Same mjini, zikapandishwa mlimani kichwani. Vijana wanatangulia, upepo ukivuma kwenye kona bati linamgeuza mtu na kumtazamisha alikotoka. Tulicheka sana.

Mwenye furaha kuliko wote alikuwa mama. Msije mkadhani baba alimlazimisha. Yeye ndiye aliyechora na kijiti chini chumba cha stoo kikae wapi. Akataka rafu tatu za mbao ukutani. Kuta zikapakwa chokaa. Jiko likajengwa nje, mbali kidogo, ili moshi usiingie ndani ukachafua. Nyumba ya nyasi ikabomolewa, fito za dari zikawa kuni.

Siku ya kuhamisha vitu ilikuwa kama sikukuu. Tulishusha kila kitu, tukakikung'uta masizi, tukakipeleka mtoni. Tulisugua na mchanga tukiimba nyimbo za kanisani. Vile vibuyu vyeusi vikatoka vya njano kama vipya, lakini vingine vilikuwa vikuukuu vikapasuka. Mama akasema si neno, maharage akayapepeta majivu yote yakatoka, akayatia kwenye madebe ya mafuta ya taa yaliyooshwa vizuri na kuanikwa. Akayapanga kwenye rafu ya juu. Rafu ya kati vitu vya kushuka, ya chini vitu vya kupanda.

Ilipendeza. Siwezi kusema uongo, ilipendeza sana. Tulikuwa tunafungua mlango kutazama tu.

Watu walikuja kuangalia. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama aliyeolewa Shighatini huko Ugweno, alikuja na kulala kwetu kwa siku kadhaa. Alisimama mbele ya zile rafu akipapasa mbao. Mama akamwambia, "Na wewe mwambie shemeji auze kahawa mjenge. Dari libomoe, mdogo wangu, tumeishi kwenye masizi ya kutosha."

Mama mdogo alikuwa na maharage yale pia. Alipewa na mama yao alipoolewa, kama Nakijwa alivyotarajia kupewa.

Kiangazi kikapita. Bati mchana linachemka, na ile stoo ilikuwa na joto kama mgonjwa wa homa. Hakuna aliyelifikiria hilo.

Harusi ilikuwa imepangwa kabla ya vuli, ili bibi harusi awahi kupanda. Zikiwa zimebaki kama wiki mbili, mama akatuita mimi na Nakijwa tumsaidie kujaza kibuyu. Alinunua kibuyu kipya, maana kile alichokitenga kilipasuka siku ile ya mtoni, akakifunga ushanga shingoni.

Akashusha debe la kwanza. Kabla hajafungua nikasikia kitu ndani, mchakacho mdogo, kama mvua nyepesi kwenye majani ya mgomba.

Akafungua. Juu kulikuwa na unga. Akaingiza mkono, wakatoka wadudu wanatembea kwenye vidole. Kila punje imebunguliwa, nyingine ina matundu matatu. Debe la pili hivyohivyo. La tatu hivyohivyo.

Mama alikaa chini kwenye ile sakafu aliyoipenda. Hakulia. Alichukua punje moja moja akiibonyeza, na kila moja ikawa unga.

Nakijwa ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, si tukaombe kwa Mama Elieza? Ulimpa msimu uliopita. Hata kopo moja linatosha."

Mama Elieza alikuwa jirani yetu wa chini ya njia, nyumba yake bado ya nyasi, dari lake bado lina moshi.

Mama akamtazama kama ametukanwa. "Mimi? Mimi niende kwa Mama Elieza kuomba mbegu yangu?"

Nakijwa akasema, "Nitaenda mimi."

"Huendi. Na hamtamwambia mtu. Watu wameingia humu ndani, wamesifu, halafu leo wajue?"

Ndiyo hivyo. Yale madebe tuliyamwaga kwenye shimo la taka, mama akafunika na majani ya mgomba. Baba aliambiwa maharage yapo. Siku ya soko mama akanunua maharage mengine, mekundu makubwa, akayajaza kwenye kibuyu chenye ushanga, akaziba kwa gunzi.

Siku ya harusi kibuyu kikabebwa mbele za watu. Shangazi wa bwana harusi akakipokea kwa mikono miwili, akasema wamesikia habari za maharage hayo mpaka Maore. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nilimtazama dada yangu usoni. Alikuwa anatazama chini kama inavyompasa bibi harusi, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Yaliyotokea Maore sikuwepo, alinisimulia mwenyewe tukiwa watu wazima. Alipanda yale mekundu. Mvua ikakata mapema, kama kawaida ya kule. Maua yakaungua yote. Mama mkwe wake hakumsema hata neno. Alikuja tu na ungo wa mbegu zake mwenyewe, akauweka mlangoni kwa Nakijwa, akaondoka. Nakijwa alisema angetukanwa angepata nafuu. Kuanzia siku hiyo kila alichosema pale nyumbani kilionekana maneno ya mtu wa kujisifu. Alikuja kuheshimiwa baadaye, alipata watoto, alijenga, lakini ilimchukua miaka. Na hakuwahi kumwambia mtu yeyote ukweni kwamba maharage yale hayakuwa yenyewe, maana angemvua mama nguo.

Habari za shamba kuungua zilipomfikia mama, ndipo alipoinuka. Msimu mzima ulikuwa umepita.

Alijifunga kitenge akashuka kwa Mama Elieza. Nilikwenda naye. Alisalimia, akauliza habari za nyumba, za ng'ombe, za kanisani, akazunguka weee, mwisho akasema, "Yale maharage niliyokupa, una akiba kidogo?"

Mama Elieza akacheka kwa upole. "Mama Nakijwa, nilikuwa na kibuyu kizima mpaka juzijuzi. Tulipata wageni tukayapika. Nilisema sina sababu ya kuyabana, kwako yapo tele."

Juzijuzi.

Mama akasema, "Umefanya vizuri, wageni wale." Tukarudi nyumbani. Njiani alisimama mara moja akashika mti, akidai mwiba umemchoma.

Ikabaki Shighatini.

Tulishuka Makanya, tukapanda treni. Tukapita Same, tukashuka Lembeni, tukapandisha milima ya Ugweno kutwa nzima. Mama alikuwa amechangamka. Alikuwa amebeba kibuyu kitupu ndani ya kikapu, amekifunika na ndizi za zawadi. Njia nzima alinisimulia jinsi bibi yake alivyokuwa anayachagua yale maharage, punje kwa punje, akiwa amekaa kitandani kwake.

Tulipokata kona ya mwisho nikaona kitu kinang'aa katikati ya migomba.

Bati.

Mama naye aliona. Hakupunguza mwendo, ila hadithi iliishia hapo.

Mama mdogo alitoka mbio kutupokea, kanga inadondoka. Hata maji ya kunywa hatujapewa, tukavutwa mkono kwenda kuona stoo. Rafu tatu. Kuta za chokaa. Madebe juu, yamepangwa kwa mstari. "Nimefanya vilevile ulivyonielekeza, dada," alisema. "Dari nimebomoa."

Mama akanyoosha mkono, akashusha debe moja, akalitikisa kidogo karibu na sikio. Mimi nilikuwa pembeni yake. Ule mchakacho niliusikia.

Alilirudisha mahali pake taratibu. Akasema, "Ni nzuri, mdogo wangu. Ni nzuri sana."

Tulilala huko. Asubuhi mama alimwambia mdogo wake kwamba joto la bati si zuri kwa mbegu, atafute namna ya kurudisha mbegu zake kwenye moshi. Alimsaidia kufunga kichanja juu ya moto kule jikoni. Lakini hakusema kilichompata. Hakusema tumekuja kufuata nini. Alisema tumekuja kuwasalimu. Kibuyu kilirudi na ndizi nyingine juu yake.

Kwenye treni nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Alitazama nje, ile nyika ya mikonge. Akasema, "Ningemwambia nini? Amefurahi, mwache afurahi." Nilikuwa mtoto, nikaona ni jibu. Sasa naona nusu yake ilikuwa huruma na nusu yake ilikuwa kiburi, na sijui kama yeye mwenyewe angeweza kuzitenganisha.

Mwaka uliofuata alimwambia baba ajenge dari kule jikoni nje. Akarudisha kila kitu kwenye masizi, mpango uleule, vya kushuka na vya kupanda. Kwenye stoo nzuri zikabaki sahani za Krismasi. Juu ya moto kabisa aliacha nafasi ya kibuyu kimoja. Hakuweka kitu hapo. Kila msimu alipovisogeza vyombo alipapasa, akifika hapo anaparuka.

Niwape na hili la mwisho, ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama alipofariki, Uhuru tayari, mama mdogo alikuja msibani. Jioni baada ya mazishi tulikaa naye mimi na Nakijwa, tukamwambia kisa chote, maana hapakuwa tena na wa kumficha.

Akasema, "Kumbe ndicho alichokuja kufuata siku ile?"

Tukamwambia ndicho.

"Jirani yangu wa ng'ambo ya mto nilimpa kopo zima. Siku ile mlipokuja alikuwa ameyaanika uani kwake. Angesema neno moja ningevuka mto nikayaleta kabla chai haijachemka."

Kisha akalia upya, na Nakijwa akalia naye. Yule jirani alishahama zamani na watoto wake, wengine wanasema Moshi, wengine Tanga.

Kwa hiyo yule dada wa makontena, nakujibu. Panga vitu vyako, viandike, vifunike. Lakini kabla hujavitoa vilipo, jiulize ni nini hapo kilichokuwa kinavitunza. Sisi tulidhani masizi ni uchafu, kumbe ndiyo yaliyokuwa mlinzi.

Hilo ni dogo. Masizi tungeweza kuyarudisha, na mama aliyarudisha. Kilichomaliza yale maharage ni msimu mmoja wa kunyamaza. Mbegu ilikuwa bado ipo, chini ya njia, na ng'ambo ya mto. Aliyekuwa anawapa watu wote alishindwa kuomba kopo moja.

Nakijwa amefariki mwaka jana. Nimekirithi kile kibuyu chenye ushanga. Kiko kwenye kontena la plastiki, la mkwe wangu, na ni kitupu.

Sasa karibuni mtoe maoni, mnicheke, mniulize, nitajibu kwa kidole changu. Ila kabla ya maoni nina ombi.

Kama kuna mtu humu, awe Upare, Moshi, Tanga au popote, ambaye bibi yake ana maharage madogo, rangi ya udongo wa kichuguu, kamstari keupe kanazunguka jicho, yanayowahi kabla mvua haijakata, naomba mbegu. Hata punje tano.

Msinijibu pembeni. Nijibuni hapahapa kwenye uzi, watu wote waone kwamba binti wa Mama Nakijwa ameomba.